Kadi ya Grafiki Ndani ya Kasha la Zamani: Hesabu ya Wati Katika Miji ya Majani Chai

Kompyuta za mezani zinazotumika katika saiba, studio za picha, ofisi za vyama vya ushirika na vyumba vya wanafunzi katika kaunti za Kericho na Bomet, kama kwingineko nchini Kenya, mara nyingi zilianza kazi katika ofisi za Ulaya, hususan Uingereza, ambako kampuni na taasisi hubadilisha mitambo yao kila baada ya miaka michache, na ile iliyoondolewa husafirishwa kwa makontena hadi Nairobi, ikasafishwa na kusambazwa mashinani kwa jina la sokoni la ex-UK. Dell OptiPlex 7010, HP Compaq Elite 8300 na Lenovo ThinkCentre M92p, ambazo zote ni za kizazi cha mwaka 2012, ni mashine za chuma kizito zenye vipuri vingi madukani, na hadi leo zinaandika barua, zinajaza fomu za iTax na eCitizen na kuchapisha vyeti bila taabu. Udhaifu wake hujitokeza pale mwenyewe anapoamua kuhariri video ya harusi, kuunganisha picha na wimbo wa injili wa Kikalenjin, kuchora nyumba kwa pande zake tatu, au kucheza mchezo uliobuniwa miaka mingi baada ya mashine yenyewe kutoka kiwandani. Hapo ndipo fundi wa Litein, Sotik au Silibwet huulizwa bei ya kadi ya grafiki.

Kadi ya grafiki ni ubao mdogo unaochomekwa ndani ya kompyuta, wenye kichakataji chake, kumbukumbu yake na kwa kawaida feni yake, na kazi yake ni kukokotoa kila nukta inayoonekana katika skrini. Prosesa ya kawaida ya kompyuta hizi, kwa mfano Core i5-3470, ina viini vinne vyenye uwezo wa kufanya hesabu ngumu za kila namna, ilhali kadi ya GTX 1050 Ti ina viini vidogo 768 vinavyofanya hesabu nyepesi zinazofanana kwa wakati mmoja, na kwa kuwa picha ni mamilioni ya hesabu za aina hiyo, wingi wa viini hushinda ustadi wa vichache. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi hutegemea sehemu ndogo ya grafiki iliyojengwa ndani ya prosesa, ambayo katika i5-3470 huitwa HD Graphics 2500, nayo haina kumbukumbu yake bali hukopa kutoka RAM, yaani ile kumbukumbu ya muda inayotumiwa na programu zote. Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza ni kadi ipi yenye nguvu kuliko nyingine, swali ambalo kwa kompyuta ya aina hii lingefaa kuja mwisho, kwa sababu kasha lenyewe limekwisha kuamua sehemu kubwa ya jibu.

Uamuzi mzito kuliko yote ni wa umeme. Kadi huingia katika sloti ndefu ya ubao mama iitwayo PCI Express, na kwa mujibu wa kanuni za sloti hiyo, kadi haipaswi kuchota humo zaidi ya wati 75. Inayohitaji zaidi hupewa waya wa ziada, ama wa pini 6 unaoongeza wati 75, ama wa pini 8 unaoongeza wati 150. Waya hizo hutoka katika pawa saplai, sanduku la chuma linalopokea umeme wa volti 240 wa Kenya Power na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Katika OptiPlex 7010 ya mnara sanduku hilo lina uwezo wa wati 275, katika ile inayolazwa mezani ni wati 250, na katika ile nyembamba ni wati 240, tena kwa kawaida bila waya wa pini 6 wala wa pini 8, kwa kuwa mhandisi aliyelibuni alikuwa akimfikiria karani, si mhariri wa video. Prosesa ya i5-3470 imekadiriwa wati 77. Ikijumlishwa na kadi ya wati 75, na wati 40 au 50 hivi za ubao mama, RAM, diski na feni, jumla hukaribia wati 200. Kinachobaki kinaonekana kutosha katika karatasi, lakini pawa saplai yenye umri wa zaidi ya miaka kumi haiwezi tena kutazamiwa kutoa kila wati iliyoandikwa ubavuni mwake, kwa maana kapasita zake, yaani vile vijipipa vinavyotuliza mawimbi ya umeme, hudhoofika kadiri zinavyopashwa joto mwaka baada ya mwaka.

Hesabu hiyo peke yake inaiondoa mezani kadi ambayo huwavutia vijana wengi kwa bei yake, yaani Radeon RX 580 ya mwaka 2017, inayotumia wati 185. Kadi za aina hiyo zilimiminika katika masoko ya mitumba duniani baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha kutegemea uchimbaji wa kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, na kwa kompyuta iliyoundwa mahususi kwa michezo si ununuzi mbaya. Kuitia katika kasha la ofisi la wati 240, hata hivyo, ni kuiomba mashine ijizime kila kazi inapokolea. Baadhi ya wauzaji hutoa suluhisho la adapta inayogeuza kichwa cha SATA, ambacho kazi yake ni kulisha diski, kiwe cha pini 6. Suluhisho hilo halifai kabisa: pini za volti 12 za kichwa cha SATA zimekadiriwa kubeba ampea 4.5 kwa pamoja, yaani wati 54, ilhali kadi iliyo upande wa pili wa adapta ina ruhusa ya kudai wati 75, na mkondo unaozidi kiwango hicho huzipasha pini joto linaloyeyusha plastiki na, mahali ambapo kompyuta inakaa juu ya meza ya mbao karibu na pazia, huweza kuwasha moto.

Njia ya halali ya kuongeza umeme ni kubadilisha pawa saplai nzima, na hapa mashine zinazofanana kwa sura hutofautiana sana kwa ndani. OptiPlex 7010 ya mnara hupokea pawa saplai ya kawaida ya kipimo cha ATX yenye kichwa cha pini 24, ambayo fundi yeyote anaweza kuiagiza. OptiPlex 7020 na 9020 zilizofuata zina kichwa cha pini 8 cha Dell, na HP EliteDesk 800 G1 ina cha pini 6 cha HP, hivyo humlazimu mtu kutafuta kebo maalumu ya kuunganisha. Katika makasha membamba pawa saplai yenyewe ina umbo lisilo la kawaida, na mwenye mashine ya namna hiyo afadhali akubali kikomo chake mapema.

Vipimo vya kasha huja baada ya umeme. Kompyuta ya mnara hupokea kadi ya kimo cha kawaida. Ile nyembamba inahitaji kadi ya kimo kifupi, ambayo ubao wake ni mfupi na bamba lake la chuma, lile linalofungwa kwa skrubu nyuma ya kasha, ni la karibu nusu ya kimo. Kadi nyingi za kimo kifupi huuzwa zikiwa na mabamba mawili katika boksi, refu na fupi, lakini ya mitumba mara nyingi imekwisha kupoteza lile fupi, na kwa hiyo mnunuzi anapaswa kuliulizia kabla ya kutuma pesa. Unene nao una neno lake: katika baadhi ya makasha sloti ndefu imekaa ubavuni kabisa mwa pawa saplai, kwa hiyo kadi yenye kipoza joto kinene kinachochukua nafasi ya sloti mbili haiingii hata kama umeme wake unatosha, na watengenezaji wengine huwekea sloti ya mashine nyembamba kikomo kilicho chini ya wati 75, jambo linaloelezwa katika kijitabu cha mtengenezaji na ambalo wachache hulisoma. Zile kompyuta ndogo kabisa zinazofungwa mgongoni mwa monita hazina sloti yoyote ya kadi, na mazungumzo yake yanaishia hapo.

Baada ya kasha huja kazi. Kwa wenye studio ndogo za Kericho mjini, Kapkatet au Bomet, kazi hiyo kwa kawaida ni video zilizopigwa kwa simu na kamera za siku hizi, na tatizo lao lina historia yenye tarehe. Video hubanwa kabla ya kuhifadhiwa, la sivyo dakika moja ingejaza simu nzima. Mtindo wa kubana uitwao H.264 ulitoka mwaka 2003, na mrithi wake, H.265 au HEVC, uliidhinishwa mwaka 2013, nao hupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu kwa ubora uleule. Prosesa ya mwaka 2012 ilichorwa kabla mtindo huo mpya haujaidhinishwa, kwa hiyo haina saketi ya kuufungua, na kila fremu hulazimika kufunguliwa kwa nguvu za viini vinne vya kawaida, jambo linaloeleza kwa nini picha hukwama na kurukaruka katika programu ya kuhariri huku feni ikivuma kama mtambo wa kukaushia majani. Intel ilitia saketi ya HEVC katika kizazi chake cha sita cha mwaka 2015, na katika kizazi cha saba, kilichofika kwenye kompyuta za mezani mwaka 2017, iliongeza HEVC ya biti 10 pamoja na VP9, mtindo unaotumiwa sana na YouTube. Kwa mtu ambaye shida yake ni kutazama tu, au kuhariri vipande vifupi, kuuza mashine ya kizazi cha tatu na kununua ya kizazi cha saba au cha nane kunaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko kununua kadi yoyote, ingawa ni ushauri ambao muuzaji wa kadi hatautoa.

Anayebaki na mashine yake anapaswa kutazama mambo mawili katika kila kadi: kama ina saketi ya kufungua mtindo mpya, na kama ina saketi ya kubana, inayofanya kazi pale video iliyokamilika inapotolewa kuwa faili moja la kumpa mteja. GeForce GT 1030 ya mwaka 2017 hutumia wati 30 tu na hufungua HEVC na VP9, lakini haina saketi ya kubana, hivyo inafaa kwa mtazamaji na si kwa mwenye studio. Isitoshe, mwaka 2018 ilitolewa nyingine yenye jina lilelile ambayo kumbukumbu yake ni ya aina ya DDR4 badala ya GDDR5, na kasi yake ni ndogo sana kuliko ya kwanza, mbinu ya kibiashara isiyo na sifa yoyote njema. GTX 750 Ti ya mwaka 2014, ya wati 60, hubana H.264 lakini si HEVC. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 inatumia wati 53 na ni nzuri kwa michezo, lakini saketi ya kubana iliachwa nje kabisa. GTX 1050 Ti iliyotoka Oktoba 2016, yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, na GTX 1650 ya Aprili 2019, yenye viini 896, zote zimekadiriwa wati 75, zote hufungua na kubana H.264 na HEVC, na zote zipo katika matoleo yasiyohitaji waya wa ziada, ijapokuwa watengenezaji wengine waliongeza kichwa cha pini 6, na kwa hiyo picha ya kadi yenyewe inastahili kuchunguzwa badala ya kutegemea jina.

Kwa kasha jembamba ipo kadi ambayo wapenzi wa michezo huipuuza kwa sababu haikutangazwa kwao: Quadro P1000 ya mwaka 2017, iliyotengenezwa kwa ajili ya wachoraji wa majengo na wahandisi, yenye kimo kifupi, unene wa sloti moja, gigabaiti 4 za kumbukumbu, viini 640 na matumizi ya wati 47 pekee. Inatoka katika ofisi zilezile za Ulaya zinazotoa OptiPlex, na kwa mashine ya wati 240 ni vigumu kutaja inayoipita kwa uwiano wa kazi na umeme. Kasoro yake ni matundu manne madogo ya aina ya Mini DisplayPort, ambayo hayapokei kebo ya HDMI bila adapta. Aliye na pesa zaidi na kompyuta ya mnara anaweza kufikiria RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024 na inayotumia wati 70 bila waya wa ziada, lakini kuifunga kwenye prosesa ya mwaka 2012 ni kuinyima sehemu kubwa ya uwezo wake, kwani viini vinne vya zamani haviwezi kuilisha kazi haraka inavyoweza kuimaliza.

Sloti yenyewe ina vizazi pia. PCI Express 2.0 ya mwaka 2007 hupitisha takriban megabaiti 500 kwa sekunde katika kila njia, ile ya 3.0 ya mwaka 2010 karibu mara mbili yake, na ya 4.0 mara mbili tena. Kadi nyingi hutumia njia 16, hivyo kizazi cha sloti hakizisumbui sana. RX 6400 hutumia njia 4 tu, na katika kompyuta yenye prosesa ya kizazi cha pili cha Intel, ambayo sloti yake ni ya 2.0, hubaki na gigabaiti 2 kwa sekunde ambako ilikusudiwa kupata karibu 8. Kompyuta hizo za mwaka 2011, kama OptiPlex 790, zina ugumu mwingine wa programu ya mwanzo iitwayo BIOS, ambayo huamsha vifaa kabla ya Windows. Kadi mpya zinategemea mfumo wa UEFI uliokuja kuirithi, na katika BIOS ya kale huweza kubaki kimya, skrini ikiwa nyeusi, ilhali kadi ni nzima. Kusasisha BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji, kazi inayofanywa kabla ya kununua kadi na si baada, huondoa matatizo hayo mara nyingi, ila isifanywe saa ambazo stima huweza kupotea, kwa sababu kukatika kwa umeme katikati ya shughuli hiyo huweza kuuua ubao mama.

Swali la fedha halitenganiki na msimu. Kwa familia zinazopeleka majani katika viwanda vya chai vilivyo chini ya wakala wa KTDA, kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros, ununuzi mkubwa husubiri bonasi ya mwaka, ambayo hulipwa karibu na Oktoba, na ambayo katika viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ya mashariki. Pesa hizo zikifika na kompyuta bado ina diski ya zamani inayozunguka, kitu cha kwanza kununuliwa ni diski ya SSD, isiyo na sehemu inayosogea, cha pili ni RAM, ifike angalau gigabaiti 16 kwa anayehariri video, katika vipande viwili vinavyofanana ili prosesa izisome pande mbili kwa pamoja, na kadi hufuata. Mpangilio huu huwaudhi wengi kwa sababu kadi ndiyo yenye jina la kujivunia, lakini studio iliyoanza na kadi huku ikiendelea kusubiri diski ya kuzunguka haitaona faida iliyotarajiwa.

Kadi zenyewe kwa kawaida huagizwa kutoka Nairobi, ambako barabara ya Luthuli na mitaa inayoizunguka imejaa maduka ya elektroniki, na husafiri kwa matatu kama kifurushi kupitia Nakuru hadi Kericho au kupitia Narok hadi Bomet. Umbali huo ndio hatari yake, kwani mnunuzi hulipa kabla ya kuona, na katika soko la dunia zimezagaa kadi bandia ambazo programu iliyomo ndani yake imebadilishwa ili ijitambulishe kwa jina lisilo lake. GTX 1050 Ti ni miongoni mwa zilizoigwa sana: ndani ya kadi bandia huwamo kichakataji cha GTS 450 cha mwaka 2010 au cha GTX 550 Ti cha mwaka 2011, ambacho hupata joto jingi, hakina uwezo hata wa nusu ya kile kilichoandikwa, na hakijui lolote kuhusu HEVC. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu toleo la 2.12.0 la Oktoba 2018, huweka alama ya onyo mbele ya jina la kadi ya namna hiyo. Ipo pia dalili isiyohitaji programu: kadi halisi za kizazi cha 1050 Ti hazitoi kabisa mawimbi ya VGA, lile tundu la buluu lenye pini 15, kwa hiyo inayodai kuwa 1050 Ti na ina tundu hilo imejitangaza yenyewe. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inampa mnunuzi wa Kenya haki dhidi ya bidhaa isiyolingana na maelezo yake, na ujumbe wa M-Pesa pamoja na risiti iliyotaja jina kamili la kadi ndivyo vitakavyomsaidia kuidai.

Habari ya VGA inagusa jambo la pili pia. Monita nyingi zilizokuja na kompyuta hizi zina tundu hilo la buluu pekee, au hilo pamoja na DVI, na mwenye nazo akifunga kadi mpya hukuta hakuna pa kuchomeka kebo yake. Adapta ya bei nafuu isiyo na saketi ndani haisaidii, kwa sababu mawimbi ya kadi ni ya kidijitali na ya VGA ni ya analogi; inahitajika adapta yenye saketi ya kugeuza, kutoka HDMI au DisplayPort kwenda VGA, na ni vyema iagizwe pamoja na kadi.

Kufunga kadi ni kazi fupi ikilinganishwa na kuichagua. Nakala za kazi muhimu zikisha kuhifadhiwa nje, kompyuta huzimwa, waya wake wa umeme huchomolewa, na kitufe cha kuwashia hubonyezwa kwa sekunde kadhaa ili kumaliza chaji iliyobaki ndani. Kasha likifunguliwa, vumbi jekundu la barabara na masizi ya jikoni hupeperushwa kwa kipulizio, si kwa mdomo, ambao hutia unyevu. Anayefanya kazi hii katika asubuhi ya baridi akiwa amevaa sweta la sufu anapaswa kulivua na kugusa chuma tupu cha kasha kabla ya kuishika kadi, kwa sababu cheche ya umeme tuli ambayo mkono hauihisi hutosha kuharibu saketi. Bamba la kuziba nafasi huondolewa, kadi hushikwa kwa kingo zake na kusukumwa kwa usawa hadi kilimi cha sloti kilie, kisha hukazwa kwa skrubu au kwa kibanio cha plastiki ambacho OptiPlex hutumia badala yake. Kebo ya monita huchomekwa katika kadi yenyewe na si katika tundu la zamani la ubao mama, ambalo kompyuta nyingi za ofisi hulizima zenyewe zinapoona kadi. Sehemu kubwa ya kadi zinazorudishwa dukani kwa madai kwamba ni mbovu pengine zilikuwa nzima na kebo ndiyo iliyokaa pasipofaa. Mashine ikiwaka, draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kadi, hupakuliwa kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD moja kwa moja.

Kisha huja jaribio la joto, na hapa nyanda za chai zina hali yake. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa, maana yake kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu kidogo. Lakini hewa hiyo ni baridi kiasi kwamba hasara hulipwa na kubaki faida, na kadi inayopanda hadi nyuzi 70 au 80 chini ya kazi nzito kwa nusu saa bila kuzima wala kuchafua picha imefaulu. Kinachotisha zaidi ni radi. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda kuelekea msitu wa Mau na kuleta dhoruba za alasiri kwa sehemu kubwa ya mwaka, na eneo hili huhesabiwa miongoni mwa yanayopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 ulianzishwa mpango wa kutawanya iodidi ya fedha mawinguni ili kuinusuru chai. Radi ikipiga karibu na laini ya stima, msukumo wake hufika hadi kwenye pawa saplai, na hata soketi yenye kinga haiahidi usalama kamili. Kuchomoa waya wa umeme pamoja na kebo ya intaneti, ambayo husahaulika, ndiyo kinga ya kweli. UPS, yaani betri ya kushikilia mashine stima inapopotea, nayo ihesabiwe upya, kwa kuwa ile iliyoandikwa 650 VA kwa kawaida hutoa chini ya wati 400, na kadi mpya itafupisha dakika zake.

Umri wa programu ndio kikomo cha mwisho. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha rasmi ya prosesa za Intel zinazokubaliwa na Windows 11 huanza na kizazi cha nane, kwa hiyo mashine za mwaka 2012 zimeachwa nje. NVIDIA nayo ilitangaza kuwa draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kwa vizazi vya GTX 750 Ti, GTX 1050 Ti na Quadro P1000, na kwamba baada ya Oktoba 2025 kadi hizo zitapata masasisho ya usalama pekee hadi Oktoba 2028, ilhali GTX 1650 imebaki katika orodha inayohudumiwa, tofauti ambayo yenyewe inatosha kuhalalisha nyongeza ya bei. Anayehamia mfumo wa Linux hukuta hali nyingine: draiva za kadi za AMD kama RX 550 ya mwaka 2017, inayotumia wati 50, zimo ndani ya kiini cha mfumo na hazihitaji kupakuliwa, na Kdenlive huhariri video humo bila malipo; lakini Blender, programu ya kuchora kwa pande tatu, iliacha kuzitumia kadi za umri huo kukokotoa picha tangu toleo la 3.0, na toleo la bure la programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve katika Linux halifungui faili za H.264 wala H.265, hivyo kila video ya simu hulazimika kugeuzwa kwanza kuwa mtindo mwingine, kazi inayokula nafasi ya diski na muda ambao kadi ilinunuliwa kuuokoa.